Nishani Nne za Babu Yake Bibi Rosalind

Wanangu, mnaponiona na miwani hii minene mnadhani macho yangu yaliharibiwa na uzee. Uzee umechangia, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya macho yangu niliiacha hapa mjini, mtaa wa Jeppestown, ghorofa ya pili, kwenye tepe za hariri zenye upana wa vidole viwili, nikishonea nishani za watu waliokufa kabla mama yangu hajazaliwa. Nyinyi mnaojifunza cherehani hapa Bertrams mmeniomba niwaeleze kazi ile. Nitawaeleza, ila msitegemee nitawaambia ilikuwa kazi ya utulivu. Kuna kipindi niliifanya kwa hofu, jicho moja likiwa mlangoni.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Askari akiwa na nishani tatu au nne, hazivaliwi moja moja kama vifungo. Zinashonwa pamoja juu ya kipande kigumu kilichofunikwa kitambaa, tepe zikunjwe sawasawa, nishani zilaliane kidogo bila kugongana. Na kila moja ina mahali pake. Ya vita alivyopigana mwanzo inakaa upande wa katikati ya kifua, zinazofuata zinaelekea begani. Ukikosea mpangilio, mwenye kujua akikuona anacheka, au anakasirika. Mimi nimeshachekwa na nimeshakasirikiwa.

Niliingiaje? Kwa kofia. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na mama yangu alinifundisha kudarizi kofia kabla sijajua kusoma. Nilipofika hapa na watoto wangu wawili nilikaa katika ukumbi wa mafundi Wakongo pale Jeppestown, natia zipu na kukunja pindo. Jioni nilidarizi kofia. Siku moja Mtanzania mwenye spaza, kile kiduka cha chini, akapanda ngazi na Mzungu mzee nyuma yake. Mtanzania alikuwa ameingiwa na wasiwasi. "Dada Zaituni, huyu mzee amenisimamisha barabarani, anataka kujua nani kashona kofia yangu. Sijui nimekosa nini."

Huyo ndiye Mzee Cyril. Alikuwa na chumba juu yetu, ghorofa moja tu, ambamo alitengeneza, alikagua na kushonesha nishani za zamani. Fundi wake alikuwa amehamia kwa mwanawe Durban. Akaivua ile kofia kichwani kwa Mtanzania, akaigeuza ndani nje, akaangalia mafundo kwa lenzi. Akaniuliza, "Unaweza kuficha fundo namna hii kwenye hariri?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijawahi kushika hariri.

Wiki ya pili niliharibu. Alinipa nishani moja nyeusi, imefubaa, nikaona haya kuishonea utepe mpya ikiwa chafu vile. Nikaichukua jikoni nikaisugua kwa majivu na limau, kama tunavyosugua sufuria kwetu, mpaka ikang'aa. Nikamletea nikitabasamu. Mzee Cyril akakaa chini. Hakunifokea. Alisema tu, "Zaituni, umemuosha malkia uso mpaka pua imetoka." Nikaangalia, na kweli, ile pua ya Malkia wa Uingereza aliyechongwa juu yake nilikuwa nimeisawazisha na shavu. Basi shikeni hilo: kitu cha zamani mkiletewa kichafu, acheni uchafu wake mpaka mjue ni wa nini.

Baada ya hapo akanifundisha kuangalia kabla ya kugusa. Unaanza na ukingo, kwa sababu jina la mwenyewe limechongwa kwenye ukingo, na cheo chake, na jina la manowari yake kama alikuwa mtu wa majini. Unapima unene kwa kalipa, kipimo chenye meno mawili ya kubana. Mtu akikwangua jina ili achonge lingine, ukingo unapungua, na kidole chako kinahisi kabla jicho halijaona. Kisha unafungua vile vitabu vyake vikubwa vya orodha za maafisa, unamtafuta huyo mtu, unamfuata mwaka kwa mwaka.

Wa majini ndio walionishangaza. Nilidhani baharia anakaa baharini. Kumbe wale maafisa wa manowari walishushwa pwani na mabaharia wao, wakavuta mizinga ya melini kwa kamba hadi milimani, wakapigana na watu ambao hawajawahi kuona meli. Afisa mmoja anaingia jeshini akiwa na miaka kumi na tatu. Ana ishirini na kidogo, yuko kwenye vilima vya Wazulu. Miaka mitatu baadaye yuko Misri. Kisha anazunguka pwani yetu, Zanzibar, Lamu, anashushwa tena, mji unachomwa, anapandishwa cheo. Maisha yote ya mtu yanalala kwenye kiganja chako, na hayana uzito hata wa kitasa cha mlango.

"Usiwapende, usiwachukie," Mzee Cyril alikuwa akiniambia. "Wasome." Kwake ilikuwa rahisi kusema.

Mlinzi wa mlango wa chini alikuwa mzee mmoja Mzulu, Bab' Sibiya. Alisikia kwamba juu kuna nishani ya vita vya wazee wake, akaja siku moja saa ya chakula akavua kofia yake ya kazi, akaniomba aione. Nikamwekea mkononi. Utepe wa rangi ya chungwa wenye mistari ya buluu iliyokoza, na juu yake kibao kidogo cha fedha kimeandikwa 1879. Aliitazama muda mrefu.

"Hii ndiyo waliyopewa kwa ajili yetu?"

"Ndiyo, Baba."

"Eish," akasema. "Ndogo hivi?" Akanirudishia, akashuka ngazi. Nishani ile ilikuwa ya babu yake Bibi Rosalind, na sasa ndipo nifike kwenye hadithi yenyewe.

Bibi Rosalind alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, anakaa mtaa wa Kensington, nyumba ya zamani yenye baraza. Alileta nishani nne kwenye mfuko wa karatasi: hiyo ya Wazulu, ya Misri ya utepe wa buluu na nyeupe, nyota ya shaba waliyopewa na mtawala wa Misri, na moja ya njano yenye mistari myeusi ambayo kibao chake kimeandikwa Witu, mji wa karibu na Lamu. Tepe zilikuwa zimeoza. Alitaka zishonwe upya. Mzee Cyril akamuuliza habari za babu yake, kwa furaha kabisa, maana afisa mwenye nishani zote nne na ukingo safi haonekani kila siku. Bibi alijibu kifupi tu: "Sisi watoto tulikuwa tunasimama alipokuwa akila." Nikashona siku tatu. Mafundo ya nyuma nikayafunga kwa namna ya mama yangu, fundo la kofia, ambalo sijawahi kuona fundi mwingine wa nishani akilifunga. Bibi akaja kuzichukua, akanishukuru kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ikapita miezi mingi. Ulikuwa mwaka mbaya kwa sisi wageni. Mitaani watu walikuwa wakifukuzwa, maduka yakivunjwa, na watoto wangu niliwakataza kuongea Kiswahili wakiwa kwenye teksi. Mzee Cyril naye akalazwa, amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho likaingia uchafu, akafungwa bendeji macho yote. Mimi nikabaki na funguo.

Jumatatu moja, mchana kweupe, akaingia mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, sauti laini kama ya mtu wa kanisani. Akajitambulisha kwa jina la Trevor. Akaweka kijisanduku mezani, akakifungua. Nishani nne. Akasema ni mali ya familia yake, anataka kuziuza ng'ambo, na wanunuzi wanadai barua yenye mhuri wa karakana yetu kwamba zimekaguliwa, ni za kweli, na ni zake.

Nilizigeuza kama nilivyofundishwa. Nikaona mafundo yangu.

Sijui niwaelezeje. Ni kama umekwenda kwa watu usiowajua ukakuta mtoto wako amekaa pale. Nikasema, kwa ujinga wangu, "Hizi nilizishona mimi. Ni za Bibi wa Kensington."

Hakubadilika uso. Alivuta kiti akakaa. "Bibi yangu," akasema. "Mama wa mama yangu. Amenipa."

"Basi aje naye aseme. Ndipo tunaandika."

"Bibi ni mzee, hatoki." Akaangalia ukutani, akaangalia cherehani, akaangalia mkoba wangu. "Wewe si wa hapa. Una kibali?"

Nikauvuta mkoba mapajani. Kibali changu cha ukimbizi kilikuwa kimebakiza wiki chache, na foleni za kukihuisha mnazijua.

"Sikutishi," akasema kwa upole uleule. "Nasema tu kila mtu ana shida zake. Unakaa Bertrams, nyumba yenye geti la kijani. Binti yako anavaa sweta la maruni la shule. Nitarudi Ijumaa saa sita. Nishani naziacha, uzikague vizuri."

Alipotoka nilijaribu kutia uzi kwenye sindano. Sikuweza. Mikono hii iliyoshona maelfu ya mishono ilishindwa tundu la sindano. Niliweka nishani kwenye kabati la chuma, nikafunga, nikaenda shuleni kabla ya kengele na kumngoja binti yangu getini. Aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini nimekuja. Nikamwambia nilikuwa napita.

Hospitali sikwenda. Ningemwambia nini mtu aliyefungwa macho? Jumatano nilitembea kwa miguu hadi Kensington. Kila gari lililopunguza mwendo nyuma yangu nilihisi mgongoni.

Bibi Rosalind alikuja mlangoni nyuma ya vyuma. Alikuwa amepungua. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji kwenye kiwiko.

"Sina nishani," akasema kabla sijauliza. "Niliziuza."

"Bibi, ziko kwangu. Amezileta Trevor."

Akatazama nyuma yangu, barabarani. "Umekuja naye?"

"Hapana. Nimekuja peke yangu."

Ndipo akafungua. Tulikaa jikoni. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga na Kiingereza chake cha kunong'ona, nikaelewa. Mjukuu wake alikuwa amehamia chumba cha uani tangu mwanzo wa mwaka. Kwanza alichukua simu, ili isimsumbue. Kisha akachukua funguo za geti la magari. Nishani zilikuwa ukutani, asubuhi moja hazikuwepo. Alipouliza, alishikwa mkono ukapindwa.

Hatujamaliza, tukasikia gari uani. Bibi akaniinua kwa bega, nguvu sijui alizitoa wapi, akanisukuma kwenye stoo ya vyakula, akaufunga mlango. Nilisimama kati ya magunia ya viazi na mitungi ya jemu. Nilimsikia akiingia. Sauti ile laini.

"Bibi, ulikuwa unaongea na nani?"

"Redio."

"Redio haijawashwa."

"Nimeizima sasa hivi."

Nikahesabu pumzi zangu nikiogopa anazisikia. Kisha akasema, "Karatasi za nyumba nimeziacha mezani tena. Sahihi tu, Bibi. Tuliongea, si unakumbuka? Ijumaa jioni nazihitaji." Nikasikia kikombe kikivutwa, maji yakimiminwa. Alijitengenezea chai palepale, hatua tatu kutoka kwangu, akainywa yote, taratibu. Wanangu, nimekimbia vita nikiwa na mtoto mgongoni. Sikuogopa vile.

Alipokwenda chumbani kwake, Bibi akanifungulia. Midomo yake ilikuwa haina damu. Akasema, "Mwandikie barua yake. Tafadhali. Akipata anachotaka labda ataondoka."

Na mimi, niwaambie kweli, nilifurahi. Nilipita mlango wa mbele nikikimbia kimoyomoyo, nikijiambia: mwenyewe ameruhusu. Barua ni karatasi. Nitaandika, watoto wangu watakuwa salama, yamekwisha. Hadi nafika Bertrams nilikuwa nimeshaipanga barua yote kichwani.

Alhamisi niliketi kuiandika. Nikaandika tarehe. Nikaandika kwamba ni nishani nne, nikazitaja. Nilipofika mahali pa kusema "ni mali yake", kalamu ikasimama. Mzee Cyril alikuwa na sheria moja ya barua za ukaguzi: andika ulichokiona, basi. Lakini kilichonisimamisha haikuwa sheria. Ni zile karatasi za nyumba. Nikifanikisha hili la nishani, Ijumaa jioni mtu yule atarudi jikoni akiwa ameona kwamba vitisho vyake vinafanya kazi. Na Bibi ana mkono mwingine mmoja tu mzima.

Nikaandika barua nyingine. Kwamba mimi Zaituni nilizishona nishani hizi nne kwa agizo la Bibi Rosalind wa Kensington, na mafundo ya nyuma ni yangu. Kwamba zimeletwa na Bwana Trevor anayesema ni zake. Kwamba nimemwona Bibi, na amesema zilitoweka ukutani bila yeye kuzitoa. Nikapiga mhuri. Nikazipiga picha nishani, mbele, nyuma na ukingo. Nakala mbili nikampa mke wa imamu wetu, nyingine nikaipeleka hospitali, nikamsomea Mzee Cyril sikioni. Alinisikiliza na bendeji zake. Akasema, "Ningekuwa mimi, nisingethubutu." Hilo halikunisaidia hata kidogo.

Kisha nikashuka kwa mafundi Wakongo na kwa Bab' Sibiya, nikawaambia Ijumaa saa sita naogopa kuwa peke yangu. Sikueleza mengi.

Trevor alifika saa sita kamili. Kijisanduku nilikuwa nimekitoa kabatini nikakiweka mezani; nikampa barua. Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma mara mbili, nikaona shingo yake ikigeuka nyekundu kuanzia kwenye kola.

"Wewe ni mjinga," akasema, bado kwa upole. Akachukua mkasi wangu mkubwa mezani. Hakuuelekeza kwangu. Aliufungua na kuufunga, akiuangalia.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Maman Béatrice, mmoja wa wale mafundi Wakongo, na koti la mtu mkononi, akaketi kwenye kiti karibu na dirisha akaendelea kutia vifungo. Nyuma yake Papa Ilunga na suruali. Nyuma yake wengine wanne, kila mmoja na kazi yake. Hawakusalimu. Waliketi, wengine sakafuni, wakashona. Mwisho akaja Bab' Sibiya, akasimama mlangoni.

Sijui ilichukua muda gani. Nilisikia nyuzi zikivutwa kwenye vitambaa. Trevor akaweka mkasi. Akanyakua kijisanduku cha nishani, akaichana barua, akapita katikati yao. Bab' Sibiya alimpisha, akamfuata ngazi hadi chini.

Maman Béatrice akaniambia, "Kaa, mama, ameshaondoka." Nikakaa. Nikalia mbele ya watu wazima.

Mchana uleule mke wa imamu, mimi na mafundi wawili tulikwenda polisi, na kwa bahati tulikutana na afisa mwanamke aliyeelewa haraka kwamba jambo lenyewe ni Bibi, nishani ni za baadaye. Walifika Kensington kabla ya jioni. Karatasi za nyumba zilikuwa bado hazina sahihi. Nishani wakazikuta ndani ya gari.

Msidhani hapo niliacha kuogopa. Aliachiwa kwa dhamana. Siku tatu gari lake lilisimama ng'ambo ya geti letu la kijani, yeye ndani, hafanyi lolote. Nikahamia mtaa wa Berea na watoto, chumba kimoja na familia nyingine, miezi saba. Mahakamani nilipewa mkalimani, kijana wa Tanga anayesema Kiswahili kizuri kuliko changu. Wakili wa Trevor akaniuliza kama namwogopa mteja wake. Nikasema, "Namwogopa hata sasa hivi ninapojibu." Mkalimani akanitazama kwanza, kisha akatafsiri.

Bibi Rosalind aliitwa baada yangu. Alikataa kiti. Alisimama saa nzima na mkongojo wake, akasema kila kitu, sauti ndogo, hakimu akawa anainama kumsikia. Tulipotoka ukumbini miguu yake ikakataa, tukaketi wote kwenye benchi la korido. Akaniuliza, "Yule kijana alitafsiri sawa? Ulisema unaogopa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nilidhani ni mimi tu," akasema, na hakuniachia mkono mpaka gari lilipokuja.

Trevor alifungwa miaka michache, na akakatazwa kumkaribia. Bibi aliuza nyumba akahamia makao ya wazee. Nishani aliporudishiwa, alizileta kwangu akaniomba nizifumue. Nikakata mafundo yangu mwenyewe. Kila moja akaitia kwenye bahasha yake, akazipa jumba la makumbusho pamoja na barua aliyoandika kuhusu babu yake. Barua hiyo sijaisoma. Alifariki miaka miwili baadaye, akiwa usingizini, na Mzee Cyril akafuata. Mimi niliendelea na chumba kile mpaka macho yalipogoma.

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na uwanja wa mpira, na kikapu cha mboga. Taa ya magari ilikuwa nyekundu. Kwenye gari la kwanza la mstari, dirisha limeshushwa, alikuwa Trevor. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitazama, akanijua. Hofu ikarudi ileile, na ningeweza kugeuka nirudi dukani, hakuna ambaye angeshangaa. Lakini nyumbani walikuwa wananisubiri, na njia ya nyumbani ilikuwa ng'ambo. Nikashuka kwenye lami, nikapita mbele ya bampa yake nikitetemeka, hatua kwa hatua, mpaka upande wa pili.